Mawimbi yaliyotoka vitani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu rada, maikrowevu, GPS, MRI na afya zetu

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Mgonjwa akipandishwa kwenye mashine haniulizi nani aliibuni, huniuliza kama itamdhuru. Nikirudi mtaani maswali yanaongezeka: mnara wa simu uliosimikwa nyuma ya nyumba, maikrowevu ya jikoni, habari kwamba kuna antena Marekani inayotengeneza mafuriko. Vitu hivi vina asili ya karibu sana, yaani maabara za jeshi zilizoanza kuchunguza mawimbi ya sumakuumeme kwa nguvu zote kuanzia miaka ya 1930. Nimeyakusanya maswali hapa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Mionzi si ni mionzi tu?

Hapana, na Kiswahili chetu hakitusaidii hapa. Tunasema mionzi ya jua, mionzi ya eksirei, mionzi ya simu, mionzi ya nyuklia. Neno ni hilohilo, na msikilizaji anabaki na picha ya Hiroshima kichwani. Kimaumbile mengi ya hayo ni ukoo mmoja, mawimbi ya sumakuumeme, lakini ndani ya ukoo huo kuna mpaka. Mawimbi ya redio, simu, rada na maikrowevu yana masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) ya chini, na hayana ubavu wa kung'oa elektroni kwenye atomi. Yakiwa mengi mahali pamoja, yanapasha joto. Eksirei na gama zina masafa ya juu mno. Hizo zinang'oa elektroni, na kwa hiyo zinaweza kuharibu vinasaba ndani ya seli hata pale ambapo mwili hausikii joto lolote.

Ukisikia mtu anazungumzia madhara ya mionzi, muulize kwanza yuko upande gani wa mpaka huo. Nusu ya ubishi utaisha hapo.

Ni kweli rada ilitokana na utafiti wa silaha ya kuua kwa mawimbi?

Ni kweli, na kisa chenyewe kinafaa kusimuliwa taratibu.

Mwanzoni mwa 1935 Wizara ya Anga ya Uingereza ilikuwa ikisumbuliwa na uvumi kwamba Ujerumani inatengeneza mwale wa kifo. Wizara ilishaahidi pauni 1,000 kwa yeyote atakayeweza kuua kondoo kwa mwale kutoka umbali wa yadi 100, na hakuna aliyezichukua. Harry Wimperis wa wizara hiyo akamuuliza mtaalamu wa redio, Robert Watson-Watt, kama jambo hilo linawezekana. Watson-Watt akampa msaidizi wake, Arnold Wilkins, hesabu moja bila kumweleza ni ya nini: inahitajika nguvu kiasi gani ya redio kupasha painti nane za maji kutoka nyuzi 98 hadi 105 za Farenhaiti, kwa umbali wa kilomita 5 na kimo cha kilomita 1?

Wilkins alielewa mara moja. Painti nane ni damu ya mtu mzima. 98 ni joto la mwili wenye afya, 105 ni homa ya kumlegeza rubani. Akapiga hesabu, ikaonyesha haiwezekani hata kidogo. Ila akaongeza jambo: aliwahi kusikia mafundi wa Posta wakilalamika kwamba ndege zikipita karibu, mawasiliano yao yanayumba. Kama ndege inarudisha mawimbi, basi inaweza kuonekana kabla haijafika.

Tarehe 26 Februari 1935 waliegesha gari lenye vipokezi shambani karibu na Daventry, wakatumia mawimbi ya mtambo wa redio wa BBC uliokuwa hapo, na ndege ya kijeshi aina ya Heyford ikarushwa kupita juu. Mstari kwenye kioo cha kipimo ukatikisika ndege ikiwa maili kadhaa mbali. Vita ilipoanza Septemba 1939, pwani ya Uingereza ilikuwa na vituo vya rada vipatavyo 20.

Ninapenda watu wajue kisa hiki kwa sababu ya ile hesabu. Swali lililoizaa rada, kuhusu mawimbi na mwili wa binadamu, lilikuwa swali la joto. Viwango vya usalama tunavyotumia leo, kama utakavyoona chini, bado vinauliza hilohilo.

Magnetroni ni nini?

Rada za kwanza zilitumia mawimbi marefu ya mita kumi na zaidi, na milingoti yake ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 100. Huwezi kufunga mlingoti kwenye ndege. Yalihitajika mawimbi ya sentimita chache, tena yenye nguvu, na hakukuwa na chombo cha kuyatoa.

Chombo hicho, magnetroni, kilipatikana Chuo Kikuu cha Birmingham. John Randall na Harry Boot walikiwasha tarehe 21 Februari 1940, kikatoa mawimbi ya sentimita 9.8. Septemba mwaka huohuo, London ikiwa inapigwa mabomu, ujumbe ulioandaliwa na Henry Tizard ulibeba magnetroni moja hadi Marekani. Mwezi uliofuata ikaanzishwa maabara ya rada ndani ya chuo cha MIT, ambayo ilikuja kuajiri watu wapatao 4,000. Baadhi ya wanasayansi nitakaowataja humu walipita huko au kwenye maabara za jirani.

Kuiona kwa macho, fungua maikrowevu iliyokufa (soma kwanza jibu la tatu kutoka hapa). Ni kijisanduku kinachoenea kiganjani, chenye mapezi ya alumini ya kupoza joto na sumaku mbili nyeusi za duara, moja juu, moja chini. Ukikisogelea na bisibisi, bisibisi inavutwa. Ndani yake kuna pande la shaba lenye vyumba vidogo vilivyozunguka uwazi wa katikati. Elektroni zinatoka katikati zikitaka kukimbilia ukuta, sumaku inazipinda, zinaanza kuzunguka na kupita kwenye midomo ya vile vyumba. Umewahi kupuliza mdomo wa chupa tupu ya soda ikalia? Ni kazi ileile, ila badala ya pumzi kuna elektroni, na badala ya mlio linatoka wimbi.

Na hiyo ndiyo iliyo kwenye maikrowevu ya jikoni?

Ndiyo hiyohiyo. Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon iliyokuwa ikitengeneza magnetroni kwa ajili ya jeshi, aligundua mwaka 1945 kwamba peremende aliyokuwa nayo mfukoni imeyeyuka alipokuwa karibu na mtambo unaofanya kazi. Akajaribu bisi, zikafumuka. Ombi la hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu, liliwasilishwa Oktoba 1945. Jiko la kwanza la biashara, Radarange, lilitoka 1947 likiwa na kimo cha karibu mita 1.8 na uzito wa kilo zipatazo 340. Ilichukua miaka 20 mpaka 1967 kupata jiko la kuweka mezani, kwa bei ya dola 495.

Chakula cha maikrowevu kinabaki na mionzi?

Hakibaki. Mawimbi ya gigahezi 2.45 yanatikisa molekuli za maji ndani ya chakula, mtikisiko unakuwa joto, basi. Ukizima, mawimbi yamekwisha, kama taa ikizimwa chumbani hakibaki kipande cha mwanga mezani.

Tatizo la kweli la maikrowevu ni joto lisilo sawa. Wimbi lina urefu wa sentimita 12 hivi, kwa hiyo ndani ya jiko kuna sehemu za moto na sehemu za baridi zilizoachana kwa sentimita sita. Sahani inazungushwa kwa sababu hiyo. Wali wa jana ulio moto pembeni na baridi katikati ndio wa kuogopa, maana vijidudu vya katikati havikufa. Koroga, rudisha tena.

Naweza kuifungua mwenyewe ikiharibika?

Usiifungue kama hujafundishwa. Kapasita iliyo ndani inaweza kushika chaji ya volti 2,000 na zaidi hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Mafundi hodari wamekufa kwa ajili yake. Jiko likiwa na mlango uliopinda au wavu wa kioo uliotoboka, acha kulitumia. Kiwango cha Marekani kinaruhusu uvujaji wa miliwati 5 tu kwa kila sentimita mraba, ikipimwa sentimita 5 kutoka kwenye jiko, na mlango mzima haufikii hapo kwa urahisi.

Hospitalini tulipata nini kutoka utafiti huu?

Tulipata vingi kuliko watu wanavyodhani, na hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Chukua MRI, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio. Edward Purcell alikuwa kwenye maabara ile ya rada ya MIT. Felix Bloch alifanya kazi Harvard kwenye mbinu za kuipofusha rada ya adui. Vita ilipokwisha, kila mmoja alirudi kwenye fizikia akiwa na ujuzi wa vifaa vya redio ambao hakuwa nao kabla. Purcell na wenzake, wakitumia nta ya parafini, na Bloch na wenzake, wakitumia maji, walionyesha kati ya mwisho wa 1945 na mwanzo wa 1946 kwamba viini vya atomi vikiwa ndani ya sumaku hujibu mawimbi ya redio ya masafa maalumu. Walipewa Nobeli mwaka 1952. Paul Lauterbur na Peter Mansfield waligeuza jibu hilo kuwa picha ya mwili katika miaka ya 1970, nao wakapewa Nobeli 2003. MRI haitumii eksirei hata kidogo. Mashine ya tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) hutumia redio ya karibu megahezi 64, chini kidogo ya masafa ya FM unayosikiliza kwenye daladala.

Chukua mashine ya tiba ya saratani, ile inayoitwa linaki. Inaharakisha elektroni kwa kuzisukuma na mawimbi ya rada ndani ya bomba, kisha zinagonga chuma na kutoa eksirei kali za kulenga uvimbe. Watafiti wa rada wa Malvern, Uingereza, ndio walioanza kuitengeneza mara baada ya vita, na mashine ya kwanza ya hospitali ilianza kutibu wagonjwa Hammersmith, London, mwaka 1953. Mama anayepangiwa matibabu ya mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, akalazwa chini ya linaki, anatibiwa na mjukuu wa rada.

Safari nyingine ilikwenda kinyume. Mwaka 1940 ndege za Ujerumani zilikuwa zikiongozwa kwenda kupiga miji ya Uingereza kwa mihimili ya redio iliyoitwa Knickebein. Waingereza hawakuwa na mitambo ya kuivuruga, wakaenda hospitalini wakachukua mashine za dayathemi, zile za kupasha misuli kwa mawimbi ya redio, wakazigeuza kuwa vivurugaji. Kwa kipindi hicho, mashine ya kutuliza maumivu ya mgongo ililinda mji usipigwe mabomu.

MRI haina hatari basi?

Inayo, ila si ile inayoogopwa. Sumaku ya tesla 1.5 ina nguvu zaidi ya mara 20,000 kuliko sumaku ya dunia, na haizimwi usiku. Mwaka 2001, New York, mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani kuvutwa na mashine. Mimi nimeona funguo zikinyanyuka mfukoni mwa ndugu wa mgonjwa aliyesogea mlangoni akisema anachungulia tu. Ukiambiwa vua kila chuma, vua. Una betri ya moyo, kipande cha risasi, au chembe ya chuma iliyowahi kukuingia jichoni gereji, sema kabla hujaulizwa.

Kwa nini jeshi la Marekani lilituachia GPS bure?

Sababu ilikuwa msiba. Mizizi ni Oktoba 1957, Sputnik ya Urusi ilipokuwa ikipiga mlio angani. William Guier na George Weiffenbach, wa maabara ya Johns Hopkins iliyofanya kazi za jeshi la majini, walisikiliza namna mlio unavyopanda na kushuka setelaiti ikikaribia na kuondoka, kama honi ya basi linalokupita barabarani, wakaweza kukokotoa njia yake. Bosi wao akageuza swali: kama mahali pa setelaiti panajulikana, si unaweza kujua mahali ulipo wewe? Mfumo wa Transit ukajengwa kwa ajili ya nyambizi zilizobeba makombora ya nyuklia. GPS ilifuata, setelaiti yake ya kwanza ikirushwa Februari 1978.

Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea, safari namba 007, ilipotea njia ikaingia anga ya Urusi, ikatunguliwa. Watu 269 walikufa. Siku chache baadaye serikali ya Rais Reagan ikatangaza kwamba GPS ikikamilika itakuwa wazi kwa raia wa dunia nzima. Hata hivyo jeshi liliendelea kuchafua makusudi ishara ya raia, mtu akawa anakosea hadi mita 100. Uchafuzi huo ulizimwa usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000. Bila uamuzi ule, dereva wa bodaboda unayemwita kwa simu leo angesimama mtaa wa pili.

Tochi ya trafiki nayo ni rada?

Zipo za aina mbili. Tochi ya rada hupiga wimbi kwenye gari na kusikiliza mabadiliko ya masafa linaporudi. Kwa rada ya gigahezi 24.15, kila kilomita moja kwa saa inaleta tofauti ya hezi 45 hivi. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, tofauti ni kama hezi 2,240, mlio ambao hata sikio lako lingeusikia ukipelekwa kwenye spika. Hakuna cha kubahatisha.

Tochi ya pili ni ya leza, inayopima umbali mara nyingi ndani ya sekunde moja. Leza nayo ni ya ukoo huu. Charles Townes alitengeneza rada wakati wa vita, na kutoka hapo akaingia kwenye utafiti wa gesi ya amonia uliozaa meza (maser), kifaa cha kukuza mawimbi ya maikrowevu, mwaka 1954. Leza ya kwanza ikawaka 1960. Kwa dereva, tochi zote mbili hazimdhuru mwilini.

Je, Wi-Fi ilibuniwa na mcheza filamu?

Hedy Lamarr na mwanamuziki George Antheil walipata hataza Agosti 1942 ya kuongoza torpedo kwa redio inayorukaruka kati ya masafa 88, idadi ya vibonye vya piano, ili adui asiivuruge. Jeshi la majini halikuitumia wakati huo. Mbinu za kutawanya masafa ziliendelezwa baadaye na wahandisi wengine wa kijeshi, na mwaka 1985 Marekani ikaziruhusu kwa raia. Bluetooth hurukaruka hivyo mara 1,600 kwa sekunde. Lamarr anastahili heshima, lakini kusema alibuni Wi-Fi ni kuwanyang'anya wengine.

Wi-Fi yako ikikatika mtu akipasha chai, sababu ni kwamba vyote viwili viko kwenye gigahezi 2.4, masafa yaliyotengwa mwaka 1947 kwa viwanda, sayansi na tiba.

Kuna mkono wowote wa Afrika Mashariki katika historia hii?

Upo, mara mbili kwa uchache.

Tunguu, Unguja, palikuwa na kituo cha NASA cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury. Marubani wake walikuwa wanajeshi, na roketi yake ya Atlas ilibuniwa kuwa kombora. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, antena za Tunguu zilipokea sauti yake pamoja na vipimo vya mwili wake akiwa juu ya Bahari ya Hindi. Kupima moyo wa mtu aliye mbali kwa njia ya redio, jambo ambalo wodi za wagonjwa mahututi hulifanya kila saa siku hizi, kulifanyika juu ya mashamba ya minazi ya Zanzibar. Watu wengi visiwani waliamini ni kituo cha makombora, na baada ya Mapinduzi kilifungwa, Aprili 1964.

Cha pili ni setelaiti iitwayo Uhuru. Riccardo Giacconi na wenzake walikuwa wakitengeneza vipima eksirei vya kijeshi vya kugundua milipuko ya nyuklia, na roketi yao ya 1962 iliyogharimiwa na jeshi la anga iligundua eksirei zinazotoka nje ya mfumo wa jua. Setelaiti ya kwanza ya kuchora ramani ya anga kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri ya Kenya, na setelaiti ikapewa jina la Kiswahili.

Na ile "chenji ya rada"?

Hiyo ilikuwa rada ya kuongozea ndege ambayo Tanzania iliinunua kutoka BAE Systems ya Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa pauni milioni 28, bei iliyolalamikiwa sana kuwa kubwa kupita mahitaji. Kesi ya Uingereza iliisha mwaka 2010 kwa kampuni kukiri kosa la kutotunza kumbukumbu za hesabu ipasavyo, na pauni milioni 29.5 zikarudi kwa Watanzania, zikanunua vitabu na madawati. Nimeitaja kwa sababu kwa wengi wetu neno rada lilianza kusikika hapo.

Askari waliofanya kazi na rada waliumia kweli?

Baadhi yao waliumia, na kwa njia ambayo wengi hawaitarajii.

Ujerumani, mafundi wa zamani wa rada wa majeshi ya Magharibi na Mashariki walijitokeza wakiwa na saratani, wakidai fidia. Bunge liliitisha tume huru ya wataalamu, ikatoa ripoti Julai 2003. Haikuwanyooshea kidole mawimbi ya rada. Mkosaji mkuu alikuwa eksirei. Ndani ya kabati la rada kuna mirija inayoendeshwa kwa makumi ya maelfu ya volti. Elektroni zikigonga chuma kwa nguvu hiyo hutoa eksirei, sawasawa na mashine ya hospitali, na mafundi walikuwa wakirekebisha makabati yakiwa wazi huku umeme unawaka. Vilevile kulikuwa na rangi ya radiamu kwenye vipimo ili visomeke gizani. Kwa miaka ya kabla ya 1975 hapakuwa na kumbukumbu za vipimo za kutegemea. Kwa hiyo tume ilipendekeza kwamba fundi wa kipindi hicho aliyepata saratani au mtoto wa jicho atambuliwe bila kudaiwa ushahidi wa dozi ambayo hakuna aliyewahi kuipima.

Pendekezo hilo lina utu. Mtu aliyefichwa hatari hawezi kuambiwa alete risiti ya hatari hiyo.

Upande wa mawimbi yenyewe, jeshi la majini la Marekani lilifuatilia wanamaji 40,581 wa wakati wa vita vya Korea kwa miaka 40. Waliokaa karibu zaidi na rada hawakufa zaidi kwa saratani ya ubongo. Kundi moja, mafundi wa elektroniki za ndege, lilikuwa na ongezeko la aina fulani za saratani ya damu. Na mawimbi makali ya rada, mtu akisimama mbele ya antena, yanaunguza. Jicho liko hatarini zaidi kwa sababu lenzi yake haina damu ya kulipoza.

Ishara ya Moscow ilikuwa nini?

Kuanzia miaka ya 1950 hadi 1970 Urusi ilielekeza mawimbi ya maikrowevu kwenye jengo la ubalozi wa Marekani mjini Moscow. Marekani ilijua. Mwaka 1965 ilianzisha utafiti wa siri, Pandora, kuchunguza kama mawimbi hayo yanavuruga akili. Wafanyakazi waliokuwa wakilala na kufanya kazi humo waliambiwa 1976. Uchunguzi wa Johns Hopkins wa 1978 uliwalinganisha na wafanyakazi wa balozi nyingine za Ulaya Mashariki, haukuona tofauti ya vifo inayoweza kubebeshwa mawimbi. Lakini baada ya kufichwa miaka yote hiyo, nani angeamini ripoti? Nikiona watu wetu hawaamini maelezo kuhusu minara, nawakumbuka wale wa Moscow.

Zamani hizo Allan Frey alionyesha, mwaka 1962, kwamba mapigo mafupi ya rada yanaweza kusikika kichwani kama mlio. Hilo ni kweli. Pigo linapasha ubongo kwa sehemu ndogo sana ya nyuzi moja, tishu inatanuka ghafla, na mtanuko unasafiri kama sauti hadi sikio la ndani. Mawazo hayapandikizwi kichwani kwa njia hiyo.

Viwango vya usalama vinatoka wapi?

Mwaka 1953 Herman Schwan alipendekeza kwa jeshi la Marekani kikomo cha miliwati 10 kwa sentimita mraba, akipiga hesabu ya joto ambalo mwili unaweza kuliondoa. Urusi, mwishoni mwa miaka hiyo, iliweka kikomo kilicho chini mara 1,000. Viwango vya kimataifa vya sasa huanzia kwenye wati 4 kwa kilo ya mwili, pale wanyama wa majaribio walipoanza kuathirika kwa joto. Mfanyakazi anaruhusiwa moja ya kumi ya hapo, raia moja ya hamsini, yaani wati 0.08 kwa kilo.

Mnara wa simu nyuma ya nyumba utanipa saratani?

Hakuna ushahidi wa kuaminika unaoonyesha hivyo. Antena za mnara hutupa mawimbi mbele kama taa ya gari, si chini miguuni pake, na nguvu hupungua haraka kwa umbali. Simu iliyo sikioni hukupa zaidi kuliko mnara, na mtandao ukiwa hafifu simu huongeza nguvu ili isikike. Kwa hiyo kijiji kilicho mbali na mnara ndicho ambacho simu zake hupiga kelele zaidi.

Mwaka 2011 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliyaweka mawimbi haya kwenye kundi 2B, "huenda yakasababisha", kwa ushahidi uliokuwa mdogo. Mapitio makubwa yaliyoagizwa na shirika hilo na kutolewa 2024 hayakuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Ukitaka uhakika wa mnara wako, Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, ndiyo yenye kazi ya kupima. Waandikieni kama mtaa, muombe wapime, muombe namba zenyewe.

HAARP inatengeneza mvua na matetemeko?

Haitengenezi. HAARP ni uwanja wa antena 180 huko Gakona, Alaska. Uligharimiwa na jeshi la anga, jeshi la majini na DARPA, shirika la utafiti la wizara ya ulinzi ya Marekani, na tangu 2015 uko chini ya Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks. Hutoa megawati 3.6 kwenda tabaka la hewa lililo juu ya kilomita 80, ambako mawimbi ya redio zinazosikika nchi za mbali hudundia. Mvua hutengenezwa chini kabisa, na masafa yale hupita huko bila kushikwa. Zaidi ya hapo, jua la mchana hushusha karibu megawati 1,000 kwenye kila kilomita moja ya mraba ya shamba lako. Mafuriko yetu tunayajua: mikondo ya Bahari ya Hindi, mabonde tuliyojenga, mitaro iliyoziba.

Nimefanya kazi miaka mingi karibu na rada au antena kubwa. Nifanye nini?

Andika, hata leo. Andika aina ya mtambo, mwaka ulioanza na ulioacha, kama ulikuwa mwendeshaji au fundi, na hasa kama ulifungua kabati umeme ukiwa unawaka. Andika majina ya wenzako wa zamu. Mpelekee daktari karatasi hiyo, mwambie akupime macho, na umweleze wazi kwamba huenda ulipata eksirei, si mawimbi ya redio peke yake, maana vipimo vya kufuata ni tofauti. Kama bado uko kazini, dai kipimadozi cha kuvaa kifuani na uhakikishe usomaji wake unaandikwa kwenye daftari lenye jina lako, kisha ubaki na nakala nyumbani.